Imani kwa Myahudi na imani kwa Mkristo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wakristo wengi wanaosoma Agano la Kale hushangaa kwamba Wayahudi, wenye maandiko hayohayo, hawazungumzii "kuokolewa kwa imani". Wayahudi nao hushangaa kusikia dini yao ikielezwa kana kwamba ni orodha ya sheria isiyo na moyo ndani yake. Msimamo wangu nautaja mapema: ule usemi kwamba Uyahudi ni dini ya matendo na Ukristo ni dini ya imani unazidhulumu dini zote mbili. Tofauti ipo, tena ni kubwa, ila haiko hapo.

Basi tofauti yenyewe iko wapi?

Iko pale imani inapoanzia. Myahudi huzaliwa ndani ya agano. Mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane, hajajua hata kutamka jina lake, na tayari anahesabiwa kuwa mhusika wa agano ambalo Mungu alifanya na Abrahamu. Hakuna aliyemuuliza kama anaamini. Akikua, imani yake itakuwa ni kudumu katika agano hilo, kulitegemea na kulitunza. Mkristo huingia kwa kukiri. Hata anapobatizwa angali mchanga, wazazi na wasimamizi wake huulizwa kama wanamwamini Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, nao hujibu. Kwa Mkristo imani ndiyo mlango wa nyumba. Kwa Myahudi ni namna ya kuishi katika nyumba aliyozaliwa humo.

Mengi hufuata kutokana na hilo. Myahudi aliyepoteza imani kabisa bado ni Myahudi. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, inasema kwamba Israeli, ingawa ametenda dhambi, ni Israeli, na msemo huo umetumika kwa karne nyingi kuamua hali ya watu walioiacha dini. Kwa upande wa Ukristo, Kanisa Katoliki hufundisha kwamba ubatizo huacha alama isiyofutika, kwa hiyo hata huko mtu hatoki kirahisi. Lakini Mkristo ambaye hamwamini Kristo ni fumbo linalohitaji maelezo. Myahudi asiyeamini, kwa jumuiya yake, anaweza kuwa huzuni, lakini si fumbo.

Je, ni kweli kwamba Wayahudi wana sheria tu, hawana imani?

Si kweli. Sala iliyo kiini cha ibada yao, Shema, husomwa asubuhi na jioni: "Sikiza, Ee Israeli, BWANA, Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja." Mara baada ya maneno hayo, Kumbukumbu la Torati 6 inadai upendo wa moyo wote, roho yote na nguvu zote. Talmudi inasimulia kwamba Rabi Akiva, alipokuwa akiuawa na Warumi katika karne ya 2, ulikuwa ni wakati wa kusoma Shema, naye akaisoma mpaka pumzi ikamwisha katika neno la mwisho, "mmoja". Anayefikiri kwamba dini hiyo haina imani afikirie kwanza kifo hicho.

Angalia pia mpangilio wa kitabu cha Kutoka. Waisraeli wanatolewa Misri na kuvushwa bahari, ndipo wanapewa Torati. Ukombozi umetangulia, amri zimefuata. Na Amri Kumi zenyewe, kabla ya kudai chochote, zinakumbusha: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Kwa hesabu ya Kiyahudi, hilo ndilo neno la kwanza kati ya yale kumi, ingawa halimwamuru mtu kufanya lolote waziwazi.

Wasomi wa Kikristo walikawia sana kuliona hili. Mwaka 1977 E. P. Sanders alichapisha utafiti mrefu wa maandishi ya Kiyahudi ya nyakati za Paulo, akaonyesha kwamba katika maandishi hayo Mungu huchagua kwanza kwa rehema, na kushika amri ni kuitikia uchaguzi huo na kubaki ndani yake. Ile picha ya Mfarisayo anayejikusanyia thawabu ili anunue nafasi mbinguni ilidhoofika sana tangu hapo, ingawa bado naisikia katika mahubiri, na kila nikiisikia naumia. Wanaosikiliza wanafundishwa kumdharau jirani ambaye hawajamsikiliza.

Kwa nini Wakristo wana Kanuni ya Imani na Wayahudi hawana?

Kwa sababu imani ya Kikristo inamhusu mtu, na mara moja swali huzuka: mtu huyo ni nani? Ni kiumbe aliye juu ya viumbe wengine, au ni Mungu kweli? Mgogoro ulioanzishwa na Ario, kasisi aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, ndio uliowakutanisha maaskofu Nisea mwaka 325, na kanuni iliyotoka huko ikapanuliwa Konstantinopoli mwaka 381. Makanisa mengi huikiri mpaka leo. Ukikosea kuhusu Yesu ni nani, umekosea kuhusu kile unachokitumainia. Ndiyo maana maneno yalipimwa moja baada ya jingine.

Uyahudi haukuwahi kuwa na mtaguso wa namna hiyo. Hata hivyo haukosi mipaka. Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya marabi uliofanywa mwanzoni mwa karne ya 3, inasema Israeli wote wana sehemu katika ulimwengu ujao, kisha papo hapo inawataja wasio nayo: miongoni mwao ni anayesema ufufuo wa wafu haumo katika Torati, na anayesema Torati haikutoka mbinguni. Katika karne ya 12 Maimonides, rabi na mwanafalsafa, alipokuwa akiifafanua sura hiyohiyo, aliandika misingi 13 ya imani: kuwapo kwa Mungu, umoja wake, kwamba hana mwili, unabii wa Musa, kuja kwa Masihi, ufufuo, na mingineyo. Misingi hiyo iligeuzwa kuwa wimbo ambao bado huimbwa katika masinagogi.

Ila haikupita bila ubishi. Joseph Albo, katika karne ya 15, aliona mitatu inatosha: kuwapo kwa Mungu, ufunuo kutoka kwake, na thawabu na adhabu. Isaac Abravanel, baada ya kuutetea mpango wa Maimonides kwa kurasa nyingi, alihitimisha kwamba haifai kuchagua misingi katika Torati, kwa kuwa yote ni ya Mungu na hakuna sehemu iliyo ndogo. Na mwaka 1783, huko Berlin, Moses Mendelssohn alidai kwamba kilichofunuliwa Sinai ni sheria ya kuishi, si mafundisho ya kuaminiwa; yale ya milele mtu yeyote aweza kuyafikia kwa akili. Wengi walimpinga, lakini wote hao walibishana wakiwa ndani ya jumuiya moja. Huko Nisea, walioshindwa walifukuzwa.

Je, mtu anaweza kuamriwa kuamini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana hapa unaona dini hizi zikifikiri.

Maimonides alisema ndiyo. Katika hesabu yake ya amri 613, ya kwanza ni kuamini kwamba Mungu yupo. Hasdai Crescas, aliyefariki yapata mwaka 1410, alimjibu kwa hoja ambayo hata leo ni vigumu kuikwepa. Amri humhitaji anayeamuru. Asiyeamini kwamba Mungu yupo hawezi kupokea amri kutoka kwake, na anayeamini tayari haihitaji amri hiyo. Zaidi ya hayo, amri hugusa mambo yaliyo katika uwezo wa hiari, na mtu hawezi kujilazimisha kusadiki. Kwa Crescas, imani ni ardhi ambayo amri zinasimama juu yake. Yenyewe si mojawapo ya amri.

Ndipo tunaelewa uzito wa jibu la Waisraeli katika Kutoka 24:7: "Hayo yote aliyoyanena BWANA tutayatenda, nasi tutatii." Marabi walilichambua jibu hilo kwa furaha kubwa, kwa sababu katika Kiebrania kutenda kumetajwa kabla ya kusikia. Watu walijifunga kutenda kabla hawajaelewa yote. Katika Talmudi ya Yerusalemu, Mungu anasema laiti wangeniacha mimi lakini wakaishika Torati yangu, maana yenyewe ingewarudisha. Yaani hata aliyechoka kuamini asiache kutenda. Mkono unaweza kuutangulia moyo.

Ukristo unajibu swali hilo kwa njia nyingine. Paulo anawaandikia Waefeso, "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Augustino, mwanzoni mwa karne ya 5, alilishikilia hili kwa nguvu alipopingana na Pelagio, aliyesisitiza uwezo wa mtu mwenyewe kutenda mema: hata mwanzo wa kuamini ni zawadi. Kwa hiyo imani inadaiwa na inatolewa kwa wakati mmoja, na Mkristo huishi katikati ya mambo hayo mawili. Baba wa yule mtoto mgonjwa katika Marko 9 alilisema kwa maneno machache kuliko wanateolojia wote: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu."

Abrahamu ni baba wa imani kwa wote. Je, wanamwona kwa jicho moja?

Hapana, na tofauti inategemea sana mahali unapofungua kitabu.

Paulo anafungua Mwanzo 15:6: "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Katika Warumi 4 anauliza swali la mwanasheria: alihesabiwa haki akiwa ametahiriwa au bado? Tohara inakuja sura ya 17, imani sura ya 15. Basi, anasema Paulo, Abrahamu alikuwa bado hajatahiriwa, na hivyo ni baba pia wa wale wanaoamini bila tohara. Kwa Paulo hili halikuwa zoezi la darasani. Alikuwa na makanisa yaliyojaa watu wa mataifa, na alitaka kujua kama lazima wawe Wayahudi kwanza.

Marabi wanapenda kwenda mbele zaidi. Mishna inasema Abrahamu alijaribiwa mara kumi na akasimama katika yote. Wengi huhesabu kufungwa kwa Isaka, katika Mwanzo 22, kuwa kilele cha majaribu hayo. Wanasoma pia Mwanzo 26:5, ambapo Mungu anasema Abrahamu aliyahifadhi maagizo, amri na sheria zake. Imani ya Abrahamu kwao ni mwendo wa maisha mazima. Na kuna fasiri moja ambayo Mkristo akiisikia kwa mara ya kwanza hutulia kidogo: Nahmanides, wa karne ya 13, aliona kwamba Mwanzo 15:6 yaweza kusomwa kuwa Abrahamu ndiye aliyemhesabia Mungu haki, yaani aliitegemea ahadi kwa sababu ya haki ya Mungu mwenyewe. Maandishi ya Kiebrania hayasemi wazi ni nani aliyemhesabia mwenzake.

Tusimsahau Yakobo, aliye ndani ya Agano Jipya. Anauchukua mstari uleule wa Paulo, anaufunga na sadaka ya Isaka kama marabi, kisha anasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo yake, "si kwa imani peke yake". Na anaonya kwamba mashetani nao huamini na kutetemeka. Anayechora mstari mnene kati ya Uyahudi na Ukristo atapata shida kujua Yakobo amwandike upande gani.

Habakuki anasema "mwenye haki ataishi kwa imani yake". Huo si ushindi wa upande wa Paulo?

Paulo anaunukuu katika Warumi 1 na Wagalatia 3, kweli. Lakini Talmudi nayo inaufanya mstari huo kuwa kilele. Katika kitabu cha Makoti, Rabi Simlai anasema Musa alipewa amri 613. Daudi akazikusanya katika mambo 11, Isaya katika 6, Mika katika 3, hadi Habakuki akazikusanya zote katika moja: mwenye haki ataishi kwa imani yake. Tofauti ni kwamba marabi hawakuona kuwa jambo hilo moja limeziondoa zile 613. Limezibeba.

Kwa nini Wayahudi hawamwamini Yesu kuwa Masihi?

Wakristo wengi hudhani ni ukaidi. Tazama matarajio yenyewe. Maimonides anaeleza kwamba Masihi ni mfalme wa ukoo wa Daudi atakayewarudisha watu kwenye Torati, atalijenga Hekalu na kuwakusanya Israeli waliotawanyika. Akishindwa, au akiuawa, imejulikana kuwa siye. Kipimo ni kile ambacho ulimwengu utakuwa umekiona. Kipimo hicho hakikutungwa kwa ajili ya Yesu peke yake. Rabi Akiva mwenyewe alimtangaza kuwa Masihi Bar Kokhba, kiongozi wa uasi dhidi ya Roma wa mwaka 132 hadi 135, na Bar Kokhba alipouawa jambo likaisha.

Kwa Wakristo jambo halikuisha, kwa sababu walishuhudia kwamba aliyeuawa amefufuka. Ndiyo maana Paulo anaweka kila kitu juu ya hilo: "kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure." Myahudi anauangalia ulimwengu na kusema haujakombolewa, vita vingalipo. Mkristo anajibu kwamba ukombozi umeanza na utakamilika atakaporudi. Kwa hiyo imani ya Kikristo ina kazi ambayo ya Kiyahudi haina: kukiri kwamba jambo la kuamua limekwisha tokea, ingawa macho bado yanaona yaleyale.

Na dhambi je? Myahudi anasamehewaje bila mwokozi?

Kwa toba. Fundisho la Kikristo la dhambi ya asili, hasa lilivyoelezwa na Augustino na kufuatwa Magharibi, halimo katika Uyahudi. Wakristo Waorthodoksi nao hawalielezi kama Augustino. Marabi husema mtu ana mielekeo miwili, wa wema na wa ubaya, na anao uwezo wa kugeuka. Siku ya Upatanisho hufunika makosa kati ya mtu na Mungu, lakini Mishna inaweka sharti zito: makosa kati ya mtu na mwenzake, siku hiyo haiyafuti mpaka amridhishe mwenzake. Huwezi kumpitia Mungu ili umkwepe uliyemkosea. Mkristo aliyesoma Mathayo 5 anajua kwamba Yesu anasema jambo la jirani kabisa na hilo, kuhusu kuiacha sadaka mbele ya madhabahu na kwenda kupatana na ndugu kwanza.

Lakini Mkristo humaanisha zaidi anaposema wokovu. Anamaanisha kutolewa katika hali ambayo mwanadamu hawezi kujitoa mwenyewe. Myahudi haoni shimo hilo kuwa refu kiasi hicho, na hapo haina maana kujifanya kwamba wanakubaliana.

Je, kuwa na shaka au kumlalamikia Mungu ni kukosa imani?

Katika Uyahudi malalamiko yana heshima ya pekee. Abrahamu anamuuliza Mungu kuhusu Sodoma, "Je! Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Musa anamsihi Mungu aache ghadhabu baada ya ndama wa dhahabu. Ayubu anamshitaki Mungu sura baada ya sura, na mwishoni Mungu anasema ni Ayubu aliyenena sawa. Rafiki zake, waliomtetea Mungu kwa maneno matamu, ndio walioambiwa watoe sadaka. Anayegombana ndani ya agano hajalivunja. Baada ya mauaji ya Wayahudi milioni 6 chini ya Wanazi, wengi walioendelea kusali walisali namna hiyo.

Ukristo una urithi uleule, kwa kuwa Zaburi ni zake pia, na Yesu msalabani alilia kwa Zaburi ya 22: "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Lakini kwa kuwa imani ndiyo inayomwingiza mtu, Mkristo mwenye shaka huogopa zaidi kwamba yuko nje. Naona hili ni jambo ambalo Wakristo wangefaidika kujifunza kwa Wayahudi: unaweza kumkasirikia Mungu ukiwa umesimama palepale mbele zake.

Wakristo wenyewe wanakubaliana kuhusu imani na matendo?

Walitengana kwa hilo. Luther alishikilia kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani peke yake, na Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, uliofanyika kati ya 1545 na 1563, ukakataa namna hiyo ya kusema. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, wakasema wana ukubaliano katika misingi ya fundisho hilo. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006.

Asiye Myahudi lazima awe Myahudi ili akubaliwe na Mungu?

Hapana. Marabi hufundisha kwamba wenye haki wa mataifa wana sehemu katika ulimwengu ujao, na kwamba wanadamu wote wanadaiwa amri 7 walizopewa wana wa Nuhu, kama vile kutoua, kutoiba na kuweka mahakama za haki. Anayetaka kuingia hupokelewa mbele ya baraza la marabi, kwa kuzamishwa majini, na kwa mwanamume tohara pia. Ruthu ndiye mfano wao: "Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu." Watu wametajwa kwanza.

Ukristo ni dini ya kutumwa kuhubiri, na kwa muda mrefu makanisa mengi yalifundisha kwamba nje yake hakuna wokovu. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila ubaguzi, wala Wayahudi wa leo, na ukakumbusha maneno ya Warumi 11 kwamba karama za Mungu hazina majuto, wala mwito wake. Kuhusu kama Wayahudi wanahitaji kuhubiriwa, Wakristo wangali wanabishana.

Nianze kusoma wapi nikitaka kulinganisha mwenyewe?

Soma Mwanzo 15 na Mwanzo 22 kwa siku moja, kisha Warumi 4 na Yakobo 2, bila kutafuta mshindi. Baada ya hapo tafuta ile sehemu ya Mishna iitwayo Avoti, ambayo ni fupi, na uisome taratibu. Ukipata Myahudi na Mkristo walio tayari kukaa pamoja juu ya kurasa hizo, waombe kila mmoja aeleze kifungu kinachompa taabu katika maandiko yake mwenyewe, si ya mwenzake.